Majaribio Yalipita, Elfu Ishirini Zikapotea

"Mwanangu, kompyuta yako imekula elfu ishirini za mtu." Mweka hazina wa SACCO moja ya madereva wa boda boda hapa Kampala hakunisalimia kwanza siku hiyo. Mwanachama wake alikuwa na akiba ya shilingi 150,000. Asubuhi aliweka 20,000 kwa simu, na wakati huo huo mkewe, bila wao kuulizana, akaweka 20,000 nyingine kwenye akaunti ile ile. Daftari la mweka hazina, mama huyo aliyenipigia, lilisema 190,000. Programu yangu ilisema 170,000. Nilipofungua majaribio yangu, yaani programu ndogo zinazoipima ile kubwa, yote yalikuwa kijani: yamepita.

Programu ile niliiandika kwa lugha ya Java, kila malipo yakishughulikiwa na uzi wake (thread), yaani mfululizo wa kazi unaokwenda sambamba na mingine. Uzi wa kwanza ulisoma 150,000. Kabla haujaandika jibu, wa pili nao ukasoma 150,000. Kila mmoja ukajumlisha 20,000 na kuandika 170,000, wa pili ukifuta kazi ya mwenzake. Mama hakuwa na shida hiyo kwa sababu daftari lake ni moja na kalamu ni moja.

Kurekebisha hakukuchukua hata saa nzima: niliiachia hifadhidata ijumlishe yenyewe kwa amri moja. Kufuli ndani ya programu, la kuruhusu uzi mmoja tu kwa wakati, lisingetosha, maana tulikuwa na seva mbili, na kufuli la seva moja nyingine hailioni. Lililoninyima usingizi ni swali jingine. Jaribio la malipo mawili kwa pamoja nilikuwa nalo tangu mwanzo. Kwa nini halikusema kitu?

Uthibitisho wa salio, yaani mstari wa jaribio unaokagua kama salio ni sahihi, niliuweka ndani ya uzi wa pili, na kazi nilizituma kwa submit, amri ya Java ya kukabidhi kazi kwa nyuzi nyingine. Kosa likitokea humo linafungiwa ndani ya Future, kifurushi kinachoshikilia matokeo ya kazi. Usipoita get, amri ya kukifungua, hulisikii kamwe. JUnit, chombo cha kuendeshea majaribio ya Java, inausikiliza uzi unaoendesha jaribio, basi. Nilipoita get, jaribio lilianguka papo hapo: uzi wa pili ulikuwa ukifa kila mara kwenye kuunganika na hifadhidata, kabla hata ya kufika kwenye uthibitisho. Kwa miezi yote hiyo malipo mawili hayakuwahi kukutana. Kwa hiyo nakusihi, rudisha matokeo kwenye uzi mkuu na uthibitishie huko.

Kosa la pili ni la kulala. Niliandika Thread.sleep, amri ya kuulaza uzi, ya sekunde mbili, nikiamini kazi itakuwa imekwisha. Kwenye kompyuta yangu zilitosha. Kwenye seva yenye shughuli nyingi hazikutosha, na wenzangu wakazoea kuendesha jaribio tena na tena mpaka lipite. Tabia hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa na jaribio, kwa sababu siku hitilafu ya kweli ikijitokeza, utaidhania ni ile ile ya kila siku. Usisubiri muda, subiri tukio. CountDownLatch, kihesabu cha kusubiriana, ipo tangu Java 5, mwaka 2004: kila uzi ukimaliza unapunguza hesabu, na jaribio linaendelea hesabu ikifika sifuri. Wekea await, amri inayosubiri hesabu hiyo, kikomo, tuseme sekunde 10, ili nyuzi zikikwama jaribio lisigande. Halafu soma jibu lake! Muda ukiisha await haipigi kelele, inarudisha false tu, nami nimeona msimbo mwingi usioliangalia jibu hilo.

Kuzikutanisha nyuzi ndiko kugumu. Nilianza na nyuzi 50 zikisubiri kwenye lango moja, lango likifunguliwa zote zinakimbia pamoja. Hitilafu ilionekana mara moja moja, na mara nyingine haikuonekana kabisa. Kilichonisaidia ni kuacha bahati na kupanga mgongano kwa mkono: nilitengeneza hifadhi ya majaribio inayousimamisha uzi wa kwanza mara tu unapomaliza kusoma, ikauacha wa pili usome na kuandika, kisha ikaufungulia wa kwanza. Hapo hitilafu ikatokea kila nilipoendesha. Wanaotumia lugha ya Go wana -race, chombo kizuri sana cha kunasa nyuzi zinazogongana, lakini kinatazama kumbukumbu ya programu yenyewe; salio linalogombaniwa ndani ya hifadhidata hakilioni.

Majaribio mengine mengi hayahitaji nyuzi hata kidogo. Ipokee Executor, kitu cha Java kinachoamua kazi ifanywe na uzi gani, kutoka nje badala ya kuiunda ndani ya darasa, na kwenye majaribio ipe ile inayofanya kazi papo hapo, kwenye uzi ule ule. Hesabu za riba na makato ya mkopo nazipima hivyo.

Jaribio jipya lilipokuwa tayari, nilirudisha kwanza msimbo wa zamani. Likaanguka: lilitarajia 190,000, likapata 170,000, tarakimu zile zile alizonisomea mama kwenye simu. Ndipo nikaweka msimbo mpya.