Geuza Kipande Uone Chini

Wiki iliyopita dada mmoja wa Kilifi aliniandikia: "Kaka, unajuaje pizza hii ni nzuri na ile ni ovyo? Mimi zote naziona mkate na chizi. Nataka nami nianze kuandika habari za mikahawa lakini naogopa nitachekwa." Nilimjibu usiku uleule kwa maneno machache, kisha usingizi ukanipaa. Najua hayuko peke yake. Wengi mnaonisoma mnaitaka kazi hii: muingie mahali, mle, mseme neno, na neno lenu lihesabiwe. Basi leo najibu kwa kirefu. Na kwa kuwa juzi nimetoka kula mahali paliponichoma moyo, mtanivumilia nikipandisha sauti.

Kwanza mjue nilikotoka. Pizza sikuijua nikiwa mteja. Niliijua nikiwa mwosha vyombo hapahapa Malindi, kwenye jiko la mkahawa mmoja wa Kitaliano, mikono ikiwa ndani ya karo na mgongo ukipigwa na joto la tanuri. Wageni hushangaa mji wetu ulivyojaa pizza. Mambo yalianza Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Wataliano walikuja na mradi wa San Marco, wakawa wanarusha roketi kutoka kwenye majukwaa yaliyosimamishwa baharini. Setilaiti ya kwanza iliruka pale Aprili 1967, na tarehe 12 Desemba 1970 ikaruka ile iliyopewa jina la Uhuru, siku yetu ya sikukuu. Wahandisi wakafuatwa na watalii, watalii wakafuatwa na wenye hoteli, na Mtaliano akijenga hoteli hakosi kujenga tanuri. Ndiyo maana leo kijana wa Maweni ambaye hajawahi kufika Nairobi atakutukania kwa Kitaliano na kukueleza nyanya gani inafaa kwa sosi.

Aliyekuwa akichoma pizza pale kwetu alikuwa mzee wa Kigiriama. Yeye alifundishwa na Mtaliano mwenye mahali, ambaye kufikia wakati wangu kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti cha plastiki na kulalamika. Siku moja msaidizi wa mzee hakuja, na mimi nikaambiwa nifute mikono nije nifungue madonge. Nilikuwa nimekulia kando ya mama yangu anayepika chapati za kuuza, kwa hiyo unga haukunitisha. Lakini donge la pizza halisukumwi kama la chapati. Unalibonyeza kwa ncha za vidole kutoka katikati kwenda nje, ile hewa ya ndani unaisukumia ukingoni, na ukingo wenyewe huugusi. Ukiugusa umeuua. Mzee aliliangalia donge langu la kwanza, akasema "haya," akalitia kwenye sepetu lake refu. Neno hilo moja nimelibeba mpaka leo.

Nilibaki pale tanurini. Nikajua kwamba hapa pwani joto la kaskazi huumua unga kabla haujapata ladha, ndiyo maana mwezi wa pili mzee alipunguza hamira na kukandia maji yaliyotoka kwenye friji. Nikajua kwamba unga uliolala usiku mzima kwenye baridi hauna ugomvi na tumbo, ilhali ule uliokandwa saa nane mchana kwa hamira tele ili uuzwe saa moja jioni utakufanya unywe maji mpaka alfajiri. Kuni zetu zilikuwa za mvinje, na kazi ya kuwasha ilianza alasiri wakati wateja bado wako ufukweni, kwa sababu moto kuwaka ni jambo moja na tanuri kuwa moto ni jambo jingine.

Hili la mwisho lisikilizeni vizuri, maana ndipo nitakaporudi. Tanuri lina dari na lina sakafu. Dari hupata moto haraka kwa kuwa ndimi zinalilamba. Sakafu huchukua muda mrefu kunywa joto. Mpishi mwenye haraka huona dari limewaka akatia pizza. Chizi inayeyuka, ukingo unapata rangi, juu kote kunapendeza kwa picha, kumbe chini ni unga mbichi. Kule Napoli, Italia, ambako mwaka 2017 sanaa ya wachoma pizza iliingizwa na UNESCO, shirika la utamaduni la Umoja wa Mataifa, kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, pizza hukaa tanurini sekunde 60 hadi 90 tu, na hilo linawezekana kwa sababu sakafu yenyewe ni moto wa kutisha. Huwezi kuiga sekunde zao bila kuiga kuni zao.

Kwa hiyo, dada yangu wa Kilifi, jibu ndilo hilo. Pizza ikifika mezani, nyanyua kipande, kigeuze, uangalie chini. Ukiona madoa ya kahawia na meusi yaliyotawanyika kama ya chapati iliyoiva kwenye chuma, mpishi ameiheshimu kazi. Ukiona weupe mtupu, mengine yote ni mapambo.

Na uagize margherita. Hata kama ndiyo ya bei ya chini kwenye menyu, na hata kama weita atakutazama kama mtu uliyekuja kuhesabu sarafu. Margherita ina nyanya, chizi ya mozzarella, majani ya basil ambayo ni jamaa wa mrehani wetu, mafuta ya zeituni, basi. Hakuna pa kujifichia. Mkahawa unaoharibu margherita utaiharibu na ile ya kamba na kaa pia, ila pale kamba na kaa watamtetea mpishi.

Sasa nije kwenye hili la juzi. Nilitaka kumtoa mama yangu. Mama amenisikia nikisema pizza, pizza, miaka yote hii, na hakuwahi kukaa kwenye meza ya mkahawa wa namna ile. Nilipiga simu kwanza kuuliza kama wanapika nguruwe, nikaambiwa hapana, hata salami yao ni ya ng'ombe. (Ulizeni kwa simu, jamani. Usimfikishe mzazi mlangoni ndipo uanze kumhoji weita.) Mama akavaa buibui lake jipya na viatu alivyoviweka kwa ajili ya harusi.

Tukafika. Palikuwa na meza tupu tele upande wa mbele, upepo wa bahari unapopita. Kijana wa mlangoni akatupeleka nyuma, meza iliyo kando ya mlango wa jikoni, mlango ambao kila ukifunguliwa unakuletea mvuke wa sabuni usoni. Nikamwambia, "Ndugu yangu, tunaomba zile za mbele." Akasema zimebukiwa. Sawa. Tukakaa. Kitambo kidogo wakaingia Wazungu watatu wenye kaptula na mchanga miguuni, nikamsikia mmoja akiuliza kwa Kiingereza kama inawezekana kukaa bila kubuku. Wakapelekwa mbele. Mama hakusema kitu. Alisogeza kiti chake, akaupa mlango wa jikoni mgongo.

Mimi nimeosha sahani kwenye majiko ya aina hiyo. Najua hakuna mwenye mkahawa aliyeandika ukutani kwamba wenyeji wakae nyuma. Ni mafundisho yanayoingia polepole: yule anatoa bakshishi, huyu hatoi, yule anaagiza divai, huyu ataagiza soda moja na glasi mbili. Na anayefundishwa kumpima mgeni hivyo ni mtoto wetu wenyewe, wa Muyeye au wa Barani, ambaye mama yake naye ana buibui kama lile. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mzungu hakutufukuza, alikaa alipoambiwa akae.

Pizza ikaja. Margherita, bila shaka. Juu ilikuwa nzuri, siwezi kumdhulumu mtu: nyanya safi isiyo na sukari, chizi inayovutika, majani yametiwa mwishoni yakiwa bado kijani. Mama akamega kipande kwa mkono wa kulia, akakiangalia upande wa chini kabla hata mimi sijafanya hivyo, akasema taratibu, "Mwanangu, mbona huu mkate haujaiva?"

Mnaona? Mwanamke huyu hajui Napoli iko wapi. Lakini amechoma chapati maisha yake yote. Mkiniambia hamna ujuzi wa kutathmini pizza nitawaambia nendeni mkamwulize mama zenu. Hakuna mtu wa pwani asiyejua mkate uliokosa moto. Tunapika maandazi, vitumbua, mikate ya kumimina, mikate ya mofa kwenye tanuri la udongo. Halafu tunaingia mahali penye mishumaa mezani na ghafla tunajifanya hatujui unga.

Nilimwita mhudumu. Hapa nawapa ushauri mwingine: usipige kelele, usitoe simu ukaanza kurekodi. Nilimwonyesha kipande kikiwa kimegeuzwa, nikamwambia, "Sakafu ya tanuri bado haijapata moto. Mwambie fundi aipe muda, sisi hatuna haraka." Akanijibu kwamba pizza ya Kitaliano ndivyo ilivyo, si kama tulizozoea. Nikanyamaza. Kulikuwa na mambo mengi ya kusema na yote yalikuwa ya kujisifu. Nikasema tu, "Mwambie fundi." Nadhani fundi alichungulia, maana niliona kichwa kwenye mlango wa jikoni, na sahani yetu ikachukuliwa bila neno zaidi. Ya pili ilipokuja ilikuwa na madoa yake, ukingo umefura, ukiubonyeza unarudi. Nzuri kabisa. Mama alikula vipande vitatu na akauliza kama wanauza donge lisilochomwa.

Kwa hiyo fundi anajua kazi, na aliharakishwa. Hilo nalo muandike. Tenganisheni chakula na huduma, na ndani ya chakula tenganisheni ufundi na haraka. Wanaoandika "pabaya, msiende" hawasaidii mtu. Andika: weupe chini, sosi nzuri, ya pili ilirekebishwa, tuliwekwa nyuma meza za mbele zikiwa tupu. Msomaji ataamua.

Bili nayo isomwe. Kuna VAT ya asilimia 16 na kuna ushuru wa utalii wa asilimia 2, na mikahawa mingi huandika chini kabisa ya menyu, kwa herufi za kutafuta kwa tochi, kama bei imeshajumlisha au bado. Uliza kabla ya kuagiza. Ukiona malipo ya huduma yameongezwa, uliza yanakwenda kwa nani. Siulizi kwa ubahili. Kwenye ule mkahawa wangu bakshishi ilikuwa ya waliovaa shati jeupe, na sisi wa tanuri, wenye nyusi zilizoungua, tuligawiwa siku mwenyewe akiamka vizuri. Halafu kusi ikavuma, hoteli zikafunga, mwezi wa tano nikaambiwa nipumzike kidogo mpaka msimu. Mpaka leo napumzika. Basi mimi nikila mahali na mkate ukawa mzuri, huomba kumwona fundi, namwachia chake mkononi. Fanyeni hivyo. Geuza kipande, na kikistahili, mtafute aliyekichoma.

Niliandika tathmini yangu fupi usiku ule bila kutaja jina la mahali, lakini mji wetu ni mdogo. Asubuhi meneja akanipata kwenye simu. Alikuwa mpole, akaniita "bosi", akaniomba radhi kuhusu meza, na akasema angefurahi kunialika mimi na familia, pizza yoyote, vinywaji vyovyote, bure, ili niandike "upande wa pili". Wapo wengi mtakaofikiwa na simu kama hiyo mkishapata wasomaji, tena mapema kuliko mnavyodhani. Na nawaambia kama ndugu: siku utakapokula bure, kinywa chako kimenunuliwa kwa bei ya unga na nyanya. Kama ni lazima ukubali, andika mstari wa kwanza kabisa kwamba umekula bure, halafu uone ni wangapi watakaosoma mstari wa pili. Nilimshukuru. Nilimwambia nitarudi mwezi wa nane, wageni watakapokuwa wengi na tanuri linawaka kila siku, na kwamba nitalipa kwa M-Pesa yangu.

Rafiki yangu mmoja anayefanya kazi ya kutembeza watalii amenishauri nikibuku nitumie jina la Kitaliano, atanitafutia zuri. Sitaki. Nitapiga simu, nitasema meza ya watu wawili, upande wa mbele, na nitawatajia jina la mama yangu herufi kwa herufi mpaka waliandike sawasawa.