Chumvi, jasi ya Itigi na elektroni: jibu kwa mleta mada

Mkuu mleta mada, umesema kijana wako wa kidato cha tatu kaambiwa sodiamu "inataka" kutoa elektroni na klorini "inataka" kupokea, sasa anakusumbua: mbona atomu nyingine hazipeani, zinachangia tu? Nimefundisha kemia hapa Dodoma muda mrefu, na swali hilo hulikwepa wengi.

Hilo la "kutaka" liacheni kwanza. Chukua atomu za gesi, moja moja. Kuing'oa elektroni ya nje ya sodiamu kunagharimu kilojuli 496 kwa moli. Klorini ikiipokea inarudisha 349 tu. Hasara tupu! Faida inakuja baadaye: atomu hizo sasa zina chaji, yaani ni ioni; chanya na hasi zinavutana, zinajipanga, kila sodiamu ikizungukwa na klorini sita na kila klorini na sodiamu sita. Mpangilio huo unatoa karibu kilojuli 787, deni linalipwa na chenji inabaki. Kwa hiyo ndani ya punje ya chumvi hakuna jozi ya sodiamu na klorini iliyojitenga, na ndiyo sababu inadai nyuzi 801 kuyeyuka.

Klorini na klorini je? Zinavuta sawasawa, hakuna wa kumpokonya mwenzake, basi zinachangia jozi ya elektroni. Hicho ni kifungo cha kovalenti. Mwanakemia Linus Pauling aliweka mizani ya uvutaji huo mwaka 1932: sodiamu 0.9, hidrojeni 2.2, klorini 3.2, oksijeni 3.4. Tofauti ikiwa kubwa, elektroni inahama. Ikiwa ndogo, wanachangia. Katikati, kama kwenye maji, wanachangia lakini jozi inaegemea upande wa oksijeni. Ule mpaka wa tofauti ya 1.7 wanaokaririshwa wanafunzi, kwamba ukiuvuka elektroni inahama, ni makadirio tu. Hidrojeni na florini zimeuvuka kidogo, na bado zinatengeneza molekuli.

Mfano ninaoupenda ni jasi, ile inayochimbwa Itigi na kupelekwa viwanda vya saruji. Ndani ya salfa na oksijeni zake kuna vifungo vya kovalenti. Kundi hilo zima, yaani salfeti, lina chaji hasi, limeshikana na kalsiamu yenye chaji chanya kwa kifungo cha ioni. Halafu katikati ya matabaka kuna maji, yameshikilia kwa vifungo vya hidrojeni, yaani mvuto wa hidrojeni ya maji kwa oksijeni ya jirani, ambavyo ni dhaifu. Ndiyo maana jasi unaikwaruza kwa ukucha na inabanduka vipande bapa. Saga kidogo, weka kwenye tyubu kavu ya maabara, pasha kwa taa ya spiriti: unga unaanza kuchemkachemka kama uji, na matone ya maji yanajikusanya karibu na mdomo wa tyubu. Kwenye nyuzi kama 150 maji mengi yameondoka, ila kalsiamu na salfeti hazijaachana kabisa. Ukipoa, ukandwe kwa maji, unapata joto mkononi na kuwa mgumu. Ni ile plasta ya hospitalini ya kufungia mfupa uliovunjika.

Kwa metali maelezo ni mafupi: elektroni za nje hazina mwenyewe, zinazunguka bloku nzima. Ndiyo maana waya wa shaba unapinda bila kukatika, na umeme unapita.

Sasa chumvi na umeme. Kavu, ioni zimebanwa mahali pake. Kwenye maji zinaachiliwa na kutembea. Sukari inayeyuka pia, lakini molekuli zake zinatoka nzima, bila chaji. Kijana ajaribu na mawe manne ya redio na taa ndogo nyekundu ya LED, nyaya mbili zikiingia kwenye maji ya chumvi, kisha ya sukari. Asitumie maji ya kisima ya huku kwetu, yana chumvichumvi yake tayari, taa inaweza kuwaka hata kwenye sukari akachanganyikiwa. Anunue maji ya kuongezea betri, yale yasiyo na asidi. Nyaya zisigusane, taa itaungua. Na afanyie barazani, kwa dakika chache tu, kwa sababu klorini kidogo hutoka kwenye upande chanya na inawasha pua.