Kuhamishiwa Uingereza na mwajiri kwa muda: anza na hati za ajira yako, viza itafuata

Ndugu uliyeeleza kwamba kampuni yenu ya Kampala inataka kukupeleka kwenye makao makuu yake Uingereza kwa mwaka mmoja, na ukauliza uanzie wapi, nakujibu kwa yale niliyoyapitia mwenyewe. Mimi nilihamishwa kutoka tawi letu la Kampala kwenda Leeds mnamo Desemba 2023, nikakaa huko miezi 14.

Viza ya aina hii huanzia kwa mwajiri. Kampuni ya Uingereza lazima iwe na leseni ya udhamini inayotolewa na Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi hiyo, na leseni hiyo ihusishe aina ya viza inayoitwa Senior or Specialist Worker (mfanyakazi mwandamizi au mtaalamu), ambayo tangu tarehe 11 Aprili 2022 ndiyo iliyochukua nafasi ya utaratibu wa zamani wa uhamisho wa ndani ya kampuni. Aidha, kampuni hiyo na yenu ya Kampala zinapaswa kuunganishwa na umiliki au udhibiti mmoja; kuwa wakala wa kuuza bidhaa zao hapa Uganda hakutoshi, hata kama nembo yao imebandikwa mlangoni penu. Yote hayo yakiwa sawa, mdhamini hukutolea cheti cha udhamini, ambacho kwa kweli si karatasi bali ni namba katika mfumo wao wa kielektroniki, nawe unapaswa kuitumia kuomba viza ndani ya miezi 3.

Sasa nieleze mahali nilipokwama, kwa sababu nadhani wengi wetu tutakwama hapo hapo. Sharti ni kwamba uwe umeajiriwa na kampuni hizo zilizounganishwa, nje ya Uingereza, kwa angalau miezi 12, isipokuwa kama utalipwa pauni 73,900 au zaidi kwa mwaka. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye meza ile ile kwa miezi 16, na afisa rasilimali watu wetu aliihesabu yote bila wasiwasi. Kumbe miezi 7 ya mwanzo nilikuwa chini ya mkataba wa wakala wa ajira, kama ilivyo desturi ya kampuni nyingi za Kampala, na mshahara wangu ulitoka kwenye akaunti ya wakala huyo. Mwanasheria wa upande wa Leeds aliligundua jambo hilo alipokuwa akilinganisha hati zangu za mshahara na taarifa za benki, kabla cheti hakijatolewa, akasema kwamba inayohesabika ni miezi 9 tu. Nilikuwa nimeshawaaga wazee Mbale na kuku ameshachinjwa. Nikarudi kazini kusubiri miezi 3 mingine kwa aibu. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza lolote kuhusu viza, tafuta mkataba wako wa kwanza na hati zako za mshahara, uone ni jina la nani lililoandikwa hapo.

Kazi yenyewe lazima iwe imepangwa katika ngazi ya shahada kwenye orodha yao ya kazi, ingawa wewe binafsi hulazimiki kuwa na shahada hiyo. Mtihani wa Kiingereza hautakiwi.

Kuhusu fedha, kiwango cha chini cha mshahara kimekuwa kikipanda kwa kasi: wakati wangu kilikuwa pauni 45,800 kwa mwaka, Aprili 2024 kikawa 48,500, na tangu tarehe 22 Julai 2025 ni 52,500, au kiwango cha soko cha kazi hiyo endapo ni kikubwa zaidi. Tiketi ya ndege na marejesho ya gharama za kikazi havihesabiwi humo. Ipo pia tozo ya ujuzi ambayo mwajiri hulipa mwenyewe na haruhusiwi kukukata, na ipo ada ya huduma za afya ya pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza kwa mtu mzima, ambayo ama kampuni au wewe utailipa kutegemea mlivyokubaliana. Mkubaliane kwa maandishi. Kipimo cha kifua kikuu nacho ni lazima kwa anayetoka Uganda kwenda kukaa zaidi ya miezi 6, na hufanyika hapa hapa Kampala katika kliniki waliyoiidhinisha.

Mke au mume na watoto wanaweza kufuatana nawe, na mwenzi wako anaruhusiwa kufanya kazi. Hata hivyo, usiwaahidi ukaazi wa kudumu, maana viza hii haina njia ya kufika huko: kwa mshahara ulio chini ya pauni 73,900, kikomo ni miaka 5 ndani ya kipindi cha miaka 6.

Jambo moja ambalo hakuna aliyeniambia ni NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii wa Uganda. Kwa kuwa mshahara wangu ulilipwa Leeds, ile asilimia 5 yangu na 10 ya mwajiri hazikuingia kwa miezi yote 14, nami nilikuja kuona pengo hilo nilipofungua taarifa yangu baada ya kurudi. Omba barua ya uhamisho itaje ni nani atakayeendelea kuchangia, na ni cheo gani utakachokirudia Kampala.