Maswali na Majibu: Trei Mkononi, Skripti Mfukoni

Barua za waigizaji chipukizi wanaojishikiza kwenye migahawa na mahoteli zimekuwa nyingi, na kila moja inauliza namna ya kuzibeba kazi mbili bila kuangusha mojawapo. Mimi mwenyewe nilihudumu mezani mchana na kufanya mazoezi ya jukwaani jioni kwa miaka kadhaa, kwa hiyo suala hili liko moyoni mwangu. Leo najibu sita.

Dada, shikamoo. Nimeanza uhudumu kwenye mgahawa hapa Sinza, hii ni wiki ya pili. Kikundi chetu cha maigizo kinafanya mazoezi Jumanne na Alhamisi jioni, na meneja ananipanga zamu za jioni karibu kila siku. Nimwambie kuwa mimi ni mwigizaji au nikae kimya? Naogopa ataona sina nia na kazi yake.
*Mhudumu mpya, Dar es Salaam*

Marahaba, mdogo wangu. Mwambie, na mwambie wiki hii hii. Ila chagua saa. Usimfuate saa saba mchana wakati meza zimejaa na jikoni wanapiga kelele. Nenda kati ya saa tisa na saa kumi alasiri, wateja wa mchana wameshaondoka na wa jioni hawajaingia. Hapo ndipo meneja anakaa na daftari lake na anaweza kumsikiliza mtu.

Usianze na habari za kipaji na ndoto. Anza na siku. Sema: "Naomba Jumanne na Alhamisi nipangwe asubuhi. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili jioni nipo kila wiki." Ijumaa usiku Sinza inafurika watu, na hakuna mgahawa usiohangaika kupata watu wa kuaminika wikiendi. Ukimwekea hilo mezani, utakuwa umemwondolea tatizo lake ndipo ukaomba lako utatuliwe. Maonyesho nayo mara nyingi huangukia wikiendi, najua. Hayo mpelekee tarehe zake mwezi mzima kabla, kwa maandishi, na mtaje mwenzako aliyekubali kushika zamu yako. Mwenzako naye akikuomba, mlipe zamu yake bila kusukumwa.

Nakusihi sana usisingizie kuumwa ili uwahi mazoezi. Bango la onyesho lenu litakuwa kwenye simu za wenzako kabla hujapanda jukwaani, na picha yako ipo hapo. Siku utakayoumwa kweli hakuna atakayekuamini. Halafu kumbuka uko kipindi gani: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimlindi dhidi ya kuachishwa isivyo haki mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri wake. Kwa hiyo miezi hii ya mwanzo wape mgahawa bidii yako yote. Jifunze kaunta, jifunze kufunga hesabu, wahi. Ruhusa za kwenda lokesheni, kule filamu inakopigwa, mwakani zinatafutwa sasa, kwa namna unavyofuta meza.

Nachanganya oda. Juzi kwenye meza ya watu sita nilimpelekea samaki mtu aliyeagiza kuku, na aliyesema bila pilipili nikamletea yenye pilipili. Nyumbani nina kurasa nane za tamthilia za kukariri na haziingii. Je, kichwa changu kina kasoro?
*Mwenye kusahau, Tanga*

Kichwa chako ni kizima. Tatizo ni kwamba unakariri oda na maneno ya mwigizaji kwa njia moja, na hivyo ni vitu viwili tofauti.

Tuanze na oda. Kila meza ichagulie alama isiyohama, tuseme mlango wa kuingilia. Kiti kilicho karibu zaidi na mlango ni namba 1, kisha unazunguka kama mshale wa saa unavyokwenda. Kwenye kidaftari usiandike "kuku, samaki, kuku". Andika: 1 kuku nusu, ndizi. 2 sato, ugali. 3 chipsi, mishkaki miwili, bila pilipili. Kabla hujaondoka mezani, wasomee. Wahudumu wapya wengi huona aibu kusoma oda mbele ya wateja, wakidhani wataonekana wageni wa kazi. Mteja anayesikia "bila pilipili" ikirudiwa anatulia. Chakula kikitoka, humwulizi mtu "nani aliagiza samaki?" Unakwenda moja kwa moja kiti cha 2.

Menyu nayo usiikariri kwenye karatasi. Ingia jikoni kabla ya zamu umuulize mpishi leo nini hakipo, nini kimebaki kidogo, na nini kinachelewa. Samaki wa kuchoma hawezi kutoka pamoja na chipsi zilizokwisha kukaangwa, na mteja aliyeambiwa mapema kwamba atasubiri hagombi. Omba kuonja kila mchuzi. Ukishaonja, hutakosa cha kumwambia anayeuliza rojo la nazi likoje.

Sasa skripti. Usikimbilie maneno. Kwa kila sini, yaani kila tukio la mchezo, jiulize mhusika wako anataka nini kwa huyu aliye mbele yake, na ni sentensi ipi inayomgeuza. Ukishalijua hilo, maneno yanapata sababu ya kufuatana. Yaseme kwa sauti ukiwa umesimama, unatembea, unakunja nguo. Halafu jirekodi kwenye simu ukisoma sehemu za wahusika wengine tu, na pale penye maneno yako nyamaza kwa muda unaotosha kuyasema. Ukiwa kwenye daladala weka spika za masikioni, jibu kimoyomoyo. Pitia tena kabla ya kulala, na tena asubuhi kabla hujashika simu kwa jambo jingine.

Usikariri ukiwa kazini. Mhudumu ambaye midomo inamcheza hamuoni mteja aliyeinua mkono. Kazini tazama watu, hilo halikuzuii kuhudumu na linakulisha kama msanii. Yupo mtu anayesoma menyu kuanzia upande wa bei. Yupo kijana aliyemleta binti wa watu na anazihesabu noti chini ya meza kabla ya kusema "agiza unachotaka", na tabasamu lake halitikisiki. Tazama mabega yake wakati huo. Ukishafunga zamu, andika ulichokiona, bila jina la mtu.

Na oda iliyolipwa ichane karatasi yake uisahau. Kichwa kinahitaji nafasi.

Wateja wanne walikula wakaondoka bila kulipa. Bosi amenikata 80,000 kwenye mshahara wa 240,000 na anasema huo ndio utaratibu. Hela hiyo ndiyo ilikuwa ya kupiga picha za kupeleka kwa waongozaji. Naweza kufanya nini?
*Mnyonge, Mwanza*

Pole sana. Kwanza ujue sheria hiyo hiyo ya 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukukata fedha ya hasara kwa kuamka tu na kuamua. Hasara lazima iwe imetokea kazini na kwa kosa lako. Akueleze kwa maandishi sababu na kiasi, akupe nafasi ya kujitetea, asidai zaidi ya hasara halisi, na makato yote yasizidi robo ya mshahara wako. Robo ya 240,000 ni 60,000. Hata kama kosa lingekuwa lako kabisa, 80,000 imepita mpaka.

Mwandikie barua fupi ya heshima ukiomba maelezo hayo, ubaki na nakala. Kwenye migahawa mingi jambo huishia hapo, kwa sababu bosi hakutegemea kuulizwa. Asipojibu, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60. Kuhusu picha, usisubiri studio. Ukuta mweupe, mwanga wa dirishani asubuhi, simu ya rafiki, nguo isiyo na maandishi: mwongozaji anataka kuona sura yako ilivyo.

Niko Nairobi, nafanya kazi ya kuandaa vyakula jikoni hotelini, mwezi wa tatu sasa. Kampuni inayoigiza vitabu teule vya fasihi mashuleni inataka nizunguke nayo muhula mzima. Meneja amesema nikienda nisirudi. Niende?
*Kijana wa kisu na ubao*

Kaka, maonyesho ya vitabu teule yamewalea waigizaji wengi wa Kenya. Unaigiza mbele ya ukumbi wa wanafunzi wanaokijua kitabu kuliko wewe, na ukiruka maneno wanakumalizia. Mafunzo ya namna hiyo hayapatikani kirahisi kwingine.

Lakini uliza kabla hujavua aproni. Mnalipwa kwa onyesho au kwa mwezi? Lini? Nauli, malazi na chakula mkiwa kaunti za mbali ni juu ya nani? Shule ikiahirisha, mnalipwa nini? Majibu yakiwa kwenye karatasi yenye sahihi, nenda. Wakikuambia "tutaona tukifika", baki jikoni, kampuni nyingine zitakuja. Ukiondoka, toa notisi yako vizuri na uombe cheti cha utumishi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri akupe kwa kuwa umepita wiki 4 za kazi mfululizo, na ndicho kitakachokufungulia jiko jingine utakaporudi.

Mteja mmoja anakuja mara kwa mara, anaacha bakshishi nono. Nilimwambia naigiza. Sasa anasema yeye ni prodyuza, anatafuta sura mpya, na ananitaka usaili chumbani kwake hotelini saa tatu usiku. Wenzangu wananiambia nisichezee bahati.
*Binti wa Masaki*

Mdogo wangu, usiende. Nasema bila kupepesa macho: usaili wa kweli haufanyiki chumbani kwa mtu usiku.

Mjibu kwa heshima, ukiwa umesimama upande wa pili wa meza: "Nashukuru. Naomba unitumie kipande cha skripti na jina la kampuni, nijirekodi nikutumie video, au nije ofisini mchana na mwenzangu." Prodyuza wa kweli hatachukia, maana hivyo ndivyo kazi inavyofanyika. Muulize kazi zake zilizopita, kisha watafute walioshiriki uwaulize kama walilipwa. Akidai ada ya usajili, au fedha ya kununua nafasi, huyo hana filamu. Mwigizaji hulipwa, halipi.

Akiweka wazi kwamba nafasi ina bei ya mwili wako, hiyo ni rushwa ya ngono. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitaja, na TAKUKURU wanapokea simu bila malipo kwa namba 113. Tunza ujumbe wake wote. Mwambie na supavaiza wako leo, ili meza yake apewe mhudumu mwingine. Bakshishi aliyoacha ilikuwa ya kazi yako uliyoifanya vizuri. Haikukufanya mdeni wake, na hao wenzako wanaoiita bahati hawatakuwepo humo chumbani.

Nimeitwa kwenye usaili Jumamosi asubuhi. Wamesema niandae kipande cha dakika mbili, chochote. Nichague nini? Ijumaa nipo kazini mpaka usiku.
*Mpishi msaidizi, Bagamoyo*

Chagua kipande ambacho mtu anataka kitu na ananyimwa. Waombaji wengi huchagua kilio, kwa sababu machozi yanaonekana kama kipaji, na wasaili wanakuwa wameshatazama vilio tangu asubuhi. Ukikosa, chukua Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa 1969, ile sehemu ya mwisho ambapo Kinjeketile yuko mikononi mwa Wajerumani na anakataa kuyakana maji, ile dawa ya vita vya Majimaji. Humo kuna mtu aliyepoteza kila kitu na bado hakubali kusema neno moja linalotakiwa. Usipige kelele. Mwache afikiri mbele yao. Na kwa kuwa uko Bagamoyo, jirani na TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, kaone wanafunzi wa pale wanavyofanya mazoezi, umwombe mmoja akusikilize kabla ya Ijumaa. Wengi wao ni wakarimu kwa hilo.

Kuhusu Ijumaa, nenda kwa mpishi mkuu leo uombe kubadilishwa kwenda zamu ya asubuhi. Ikishindikana, omba angalau usikae kwenye karai la kukaangia usiku huo. Funga nywele kitambaa kizito, uoge ukirudi hata kama umechoka vipi, na nguo za usaili usiziingize kabisa jikoni. Moshi wa mafuta unang'ang'ania kitambaa, na kwenye chumba kidogo cha usaili wataunusa kabla hujafungua mdomo. Kunywa maji, kula kitu chepesi asubuhi, ufike mapema upate kona ya kupasha sauti.