Titi Lililotengenezwa Upya Limekaza Baada ya Mionzi: Je, Nikande?

SWALI: Niliondolewa titi la kushoto kwa sababu ya saratani, nikawekewa kipandikizi cha silikoni. Wiki mbili zilizopita nilimaliza mionzi 15 Dar es Salaam, nikarudi nyumbani. Ngozi imekuwa nyeusi tii, chini ya titi pamechubuka na panatoa majimaji, na titi lenyewe limekaza. Mama mkwe anasema nikande kwa maji ya moto na nipake mafuta ya alizeti. Nimsikilize?
Msomaji, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Pole, dada. Mama ana nia njema, lakini usikande. Upasuaji ulikata mishipa ya fahamu, hivyo kitambaa cha moto kinaweza kukuunguza usihisi chochote, ukaja kushtukia malengelenge. Barafu nayo usiweke.

Kuchubuka kunatarajiwa. Mionzi huendelea kuisumbua ngozi hata baada ya dozi ya mwisho, na hali huwa mbaya zaidi katika wiki ya kwanza na ya pili. Kwa hiyo sasa ndipo uko kwenye kilele. Kwa kawaida wiki 2 hadi 4 zijazo kidonda hufunga; weusi huchukua miezi kufifia. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, kausha kwa kugusagusa, usisugue. Penye majimaji funika kwa bandeji isiyogandia kidonda, na usibandike plasta kwenye ngozi iliyopigwa mionzi, maana itabanduka na ngozi. Alizeti, asali na poda visifike kwenye kidonda. Jifunge kanga kuukuu iliyolainika; mpya yenye gamu inakwaruza. Jua la Dodoma nalo lisiipate ngozi hiyo.

Kukaza ulikonako sasa huenda ni uvimbe tu. Kuna kukaza kwingine, kwa polepole: mwili huzungushia kila kipandikizi utando wa kovu, na mionzi huufanya utando huo kuwa mnene na kujikunja. Dalili zake huja baada ya miezi, hata miaka: titi huwa gumu, huumbika kama mpira, hupanda juu kuliko lenzake, na huweza kuuma. Kila mwezi yalinganishe mbele ya kioo. Likianza kupanda, mwone daktari aliyekupasua. Utando huweza kuondolewa, lakini kwa kawaida wapasuaji husubiri miezi 6 au zaidi baada ya mionzi, kwa kuwa ngozi hiyo hupona kwa shida. (Waliojengewa titi kwa nyama ya tumbo hukabiliwa zaidi na titi kusinyaa na vinundu vigumu vya mafuta yaliyokufa. Kinundu chochote kipya kipimwe, kisikisiwe.)

Usingoje kesho ukipata homa ya 38 au zaidi, usaha, maumivu yanayozidi, au ngozi ikiwa nyembamba kiasi cha kipandikizi kuonekana. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo tumia kiganja: titi hili lina joto kuliko lile?

Bega nalo lisigande. Tembeza vidole ukutani kupanda juu, mara 10, asubuhi na jioni, ila usivute kidonda.

Mwisho, usipuuze kikohozi kikavu na kukosa pumzi kati ya mwezi 1 na 6 baada ya mionzi. Msimu wa upepo hapa kila kikohozi husingiziwa vumbi, kumbe pafu lililo nyuma ya titi linaweza kuwa limevimba kwa mionzi. Kabla hujapewa antibayotiki, mwambie daktari ulipigwa mionzi upande gani na lini ulimaliza.