Miguu kuvimba na kukosa pumzi baada ya kujifungua

Kaka wa Newala, unasema mkeo ana miezi miwili tangu ajifungue, miguu imevimba, usiku halali bila kuegemea mito mitatu, na mama mkwe anasema ni uchovu wa uzazi. Kwa heshima zote, mama amekosea. Anayekosa pumzi akilala chali apelekwe hospitali leo, msisubiri hela za korosho.

Upo ugonjwa wa misuli ya moyo unaowapata wanawake kuanzia mwezi wa mwisho wa ujauzito hadi miezi 5 baada ya kujifungua. Moyo unatanuka, unasukuma damu kwa unyonge, maji yanajaa mapafuni na miguuni. Presha ya ujauzito na mimba ya mapacha huongeza hatari. Upungufu wa damu nao huleta dalili kama hizo, kwa hiyo apimwe damu, presha na eko, yaani ultrasaundi ya moyo. Wakiwapa rufaa kwenda Mtwara, nendeni.

Atapewa dawa za kutoa maji kwa mkojo na za kuupunguzia moyo mzigo. Mwambieni daktari ananyonyesha. Wengi hupata nafuu, ila asiziache eti miguu imenywea. Ng'onda, yaani samaki wakavu wa chumvi, pia wekeni kando, chumvi ile hufanya maji yabaki mwilini. Mimba nyingine msipange kabla eko haijarudiwa.