Mlaze chura ukijua ataamka

Wiki hii nimepata ujumbe kutoka kwa mdogo wangu mmoja anayesoma shahada ya uzamili Moshi. Anapiga eko ya moyo wa chura, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na kila akimlaza kwa dawa ya usingizi mapigo yanaporomoka mpaka hajui anapima moyo au anapima dawa. Anauliza, aombe mashine nyingine? Nikamjibu palepale: mashine haina neno, katazame beseni la dawa unamomlaza.

Kazi hii nimeifanyia Arusha, na naitaja kwa fahari kwa sababu nilibezwa sana. Mkubwa mmoja alisimama kikaoni akasema chura ni chura tu, mtie kwenye barafu, akilegea piga picha. Watu wakacheka. Maneno yale hayajanitoka hadi leo. Chura ni chura tu? Mwaka 1921 Otto Loewi alitumia mioyo ya vyura kuonyesha kwamba neva hupeleka ujumbe kwa kemikali, na mwaka 1936 akapewa Nobeli pamoja na Henry Dale. Na hiyo barafu humfanya chura ashindwe kujitingisha tu, haiaminiki kuondoa maumivu. Tena moyo wake hufuata joto la mwili: ukimpoza, mapigo yanashuka. Sasa hapo umepima nini?

Juzi makala yangu imekubaliwa na jarida, na mhakiki amesifu sehemu ileile ya kulaza vyura. Namshukuru Mungu.

Wengi wetu chura tulikutana naye kwenye praktiko za sekondari: chupa, pamba ya klorofomu, kisha wembe. Pale alikuwa anauawa. Wewe unataka moyo unaodunda, kwa hiyo sahau yale.

Dawa yetu ya usingizi ni trikaini, maarufu kama MS-222. Ni unga mweupe, na ukiukoroga majini unageuka tindikali. Chura hanywi dawa hii wala hachomwi sindano. Inaingia kwa ngozi, na ngozi hiyohiyo ndiyo anayopumulia. Tindikali inamuunguza na dawa haiingii vizuri. Basi tia sodiamu baikaboneti kidogokidogo mpaka pH, yaani kipimo cha ukali wa tindikali, ifike kati ya 7.0 na 7.4. Pima kwa kipimo, usikadirie kwa macho. Kwa chura mkubwa vipimo vya kawaida ni gramu 1 hadi 2 kwa lita. Mimi huanzia 1. Viluwiluwi dozi yao ni ndogo zaidi ya hapo, usiwatumbukize humo.

Baada ya hapo mtie chura beseni na ukae naye, simu weka pembeni. Koo linalopwitapwita litatulia. Mgeuze chali: akishindwa kujigeuza, mbinye kidole cha mguu kwa koleo. Asipouvuta mguu, mtoe wakati huohuo. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, wanamwacha humo "azame vizuri". Trikaini hufunga njia za sodiamu, yaani vijia vinavyopitisha ishara, kwenye neva, na misuli ya moyo nayo inazitegemea njia hizo. Kila dakika ya ziada unaulaza na moyo.

Mweke juu ya sponji iliyolowa, mfunike kitambaa chenye maji, acha kifua tu. Ukiinama utauona moyo ukidunda chini ya ngozi, hata kabla hujapaka jeli ya eko. Andika joto la chumba kila mara, maana asubuhi ya Julai hapa Arusha na alasiri ya Februari hazikupi mapigo mamoja.

Ndugu zangu, tuheshimu viumbe hawa. Kibali cha kamati ya maadili si karatasi ya kubandika ukutani. Ukimaliza, msuuze kwa maji safi yasiyo na klorini, mweke kwenye maji machache pua zikiwa juu, na umsubiri. Usimrudishe kwenye tangi lenye kina kabla hajajigeuza mwenyewe, atakufa maji.